Kuacha sigara Mombasa: wape marafiki kazi ya kufanya

Wengi wanaoacha sigara hapa mjini huacha kimyakimya. Mtu analala na nia, anaamka hajanunua, anapitisha siku mbili bila kumwambia yeyote kwa kuogopa kuwa akishindwa atachekwa. Jioni ya tatu yuko barazani baada ya isha. Kahawa inamiminwa, na mwenzake wa miaka yote anatoa pakiti, anajiwashia moja na kumnyooshea ya pili bila hata kumwangalia usoni. Hana nia mbaya. Ni ukarimu wake wa siku zote, na hakuna aliyemwambia kuwa mambo yamebadilika. Nia inaishia hapo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuacha huku akiendelea na maisha yake ya kawaida: kazini bandarini, kwenye steji ya tuktuk, dukani Marikiti, barazani Kibokoni au Majengo. Nitaeleza tarehe, dawa, kahawa na muguka (majani ya kutafuna ya jamii ya miraa), lakini nitakaa zaidi kwa marafiki, kwani hapo ndipo ushauri mwingi unapopita mbio. Utaambiwa "tafuta watu wa kukutia moyo", basi. Moyo wa maneno matupu haumfikishi mtu Ijumaa. Rafiki apewe kazi inayojulikana, na saa yake.

Nguvu ya watu wa karibu imepimwa. Mwaka 2008 watafiti Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mtandao wa watu 12,067 waliohusiana, uliotokana na utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, tangu 1971 hadi 2003. Mume au mke akiacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, kwa asilimia 36. Ndugu, kwa asilimia 25. Waliona pia kuwa watu waliojuana waliacha kwa makundi, si mmoja mmoja. Anayeijua baraza hatashangaa.

Hatua ya kwanza: zijue sigara zako

Kwa siku tatu, kila unapowasha andika kwenye simu: saa ngapi, mahali gani, uko na nani. Usijipunguzie wala usijilaumu, andika tu. Ukimaliza utaona sigara zako zina makundi. Iko ya chooni asubuhi, ya baada ya biriani, ya kungoja abiria, ya kikombe cha kahawa chungu, ya muguka. Baadhi mwili ndio unaozidai. Nyingine zinaletwa na mahali na mtu tu, na hizo ndizo rafiki anazoweza kukusaidia nazo.

Angalia pia dakika zinazopita kati ya kuamka na sigara ya kwanza. Nikotini hufika ubongoni sekunde 10 hadi 20 baada ya kuvuta, na nusu yake huondoka katika damu kwa muda wa saa mbili hivi. Ukilala usiku kucha unaamka nayo kidogo sana. Anayewasha kabla ya dakika 30 kupita tangu afungue macho, mwili wake umeizoea mno, na huyo simshauri ajaribu bila dawa.

Orodha yako iwe na tumbaku zote: ugoro, kuberi, tambuu yenye tumbaku, vipakiti vya nikotini vya kuweka ndani ya mdomo, sigara za umeme, na shisha, ambayo Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017 lakini wapo wanaoivuta ndani kwa ndani. Kutoka kwenye sigara ukahamia kuberi, hujaacha.

Hatua ya pili: weka tarehe

Iwe ndani ya wiki mbili; ikienda mbali zaidi nia hupoa. Epuka wiki ya harusi ya kwenu na wiki ya zamu za usiku. Mimi napendelea siku ya kazi nyingi kuliko siku ya mapumziko, kwa sababu mikono isiyo na kazi hutafuta kiberiti.

Kwa Mwislamu, Ramadhani ni fursa isiyopatikana miezi mingine. Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hiyo saumu yetu haibadiliki sana mwaka hadi mwaka: ni saa 13 na zaidi kidogo bila moshi, kila siku, kwa mwezi mzima. Mchana umeshashughulikiwa. Kilichobaki ni usiku, na usiku una mitego miwili: dakika kumi baada ya futari, na kikao cha baada ya tarawehe hadi daku. Panga watu wa kuwa nawe saa hizo. Futuru na mtu asiyevuta, inukeni pamoja kwenda msikitini, na baada ya tarawehe tembeeni badala ya kukaa. Chingamu ya nikotini haitumiki ukiwa umefunga. Kuhusu plasta ya nikotini ya kubandika ngozini, muulize shekhe wako kabla ya mwezi kuandama. Na siku ya Idi ipangie mapema, maana wengi waliovumilia mwezi mzima hurudi siku hiyo.

Hatua ya tatu: gawa kazi

Usitangaze kwa kila mtu. Kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu mia mbili litakupa "Maa shaa Allah" na vikatuni vya kupiga makofi, kisha litanyamaza. Chagua watu wanne hivi, uwaone uso kwa uso kabla ya tarehe.

Wa kwanza ni yule anayevuta nawe. Watu humkwepa wakidhani ndiye hatari, na kweli ni hatari kama hajui lolote. Akishirikishwa anageuka mlinzi, kwa sababu yeye ndiye mwenye pakiti. Usimwombe aache, na usimhubirie. Mwambie hivi:

"Ndugu yangu, Jumatatu naacha sigara. Sikuambii uache wewe. Nakuomba matatu: usinipe hata nikikuomba, hata nikikasirika. Ukiwasha, kaa upande ambao moshi haunijii. Na mtu akinitania, badilisha mazungumzo."

Hilo la utani lisipuuzwe. Sisi watu wa Pwani tuna ulimi. "Aa, siku hizi umekuwa shekhe?" ni sentensi moja inayoweza kubomoa kazi ya wiki nzima, na mara nyingi anayeisema amehisi kuwa kuacha kwako kunamsema yeye. Ukimhakikishia tangu mwanzo kuwa urafiki hauguswi, utani hupungua wenyewe. Asipopunguza, wiki mbili za mwanzo kaa baraza nyingine. Yake utairudia.

Wa pili ni mtu aliyeacha na hakurudi. Kazi yake ni simu. Hamu kali ya sigara huja kwa wimbi la dakika tatu hadi tano, kisha hushuka, uvute usivute. Kwa hiyo unachohitaji kwake ni dakika tano za mazungumzo, saa yoyote. Hana haja ya kukueleza saratani. Simu nzuri huwa hivi:

"Yakhe, leo naona sitaweza."

"Uko wapi?"

"Hapa Mwembe Tayari, stejini."

"Umekula?"

"Bado."

"Basi usikate simu. Nenda kwa muuza mihogo, agiza nikiwa hapa hapa hewani."

Mwulize kwanza kama amekula na kama amelala. Mtu anayeacha sigara mara nyingi huhisi njaa, kiu au uchovu akadhani ni hamu ya kuvuta, na sahani ya mihogo inaweza kumaliza jambo.

Wa tatu ni wa nyumbani: mke, mama, dada, yeyote anayekuona ukiamka. Kazi yake ni kuvumilia hasira bila kuzijibu. Mweleze mapema kuwa wiki mbili hadi nne za mwanzo mtu hukasirika upesi, hukosa usingizi, hushindwa kutulia, na kwamba siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. "Mama, nikikujibu vibaya wiki hii, nakuomba radhi tangu sasa." Mjadala wa kiwanja cha urithi usubiri. Na mtoto asitumwe tena dukani kununua sigara; sheria inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Wa nne wengi hawamfikirii: muuza duka wa mtaani. Unalijua dirisha lake, waya mbele, na kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa uzi ili mteja ajiwashie pale pale. Hapo ndipo sigara moja inapopatikana kwa sarafu za mfukoni, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusu kuuza sigara moja moja. Mwambie asikuuzie, asikukopeshe, na asimpe mtu atakayesema umemtuma. Wauza duka wengi hukubali kwa moyo mweupe, na mwenye duka akikukatalia mbele ya watu anakusaidia kuliko nasaha za saa nzima.

Ukishawapata, fungua kundi dogo la hao tu; muuza duka akitaka kubaki nje, mwache. Kila usiku kabla ya kulala unaandika maneno mawili: "Leo sijavuta." Nao wajibu, hata kwa neno moja. Usiku usipoandika, mmoja anapiga simu. Hiyo ndiyo kanuni pekee ya kundi.

Kuhusu pesa: kila jioni mtumie mmoja wao kwa M-Pesa kiasi ambacho ungenunulia sigara siku hiyo, akuwekee. Mwisho wa mwezi mtaona wenyewe ni kilo ngapi za nyama ya pilau. Sikubaliani na wanaoweka faini kwamba ukivuta fedha zako zinaliwa. Faini humfundisha mtu kuficha, na aliyejificha hasaidiki.

Maneno ya rafiki

Sehemu hii msomeshe rafiki yako. Usiulize "bado hujarudi?" Swali hilo linamwambia unangoja arudi. Uliza "leo saa gani ilikuwa ngumu?" kisha usikilize. Usiseme "ni kukaza roho tu", kwani mwili wake unapigania kitu ambacho umekipata kila saa kwa miaka. Usimpeleleze kwa kumnusa nguo. Msifu kwa jambo unaloliona kwa macho: amepanda ngazi bila kusimama, amekaa harusini saa tatu hajatoka nje. Na kama unavuta, usimpe moja "ya kumwonea huruma". Hapo huruma ni kumnyima.

Hatua ya nne: dawa

Watu wengi hapa wanaamini kuwa kuacha kwa dawa si kuacha kwa kiume. Ni imani inayowagharimu. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake husababisha saratani. Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini lami na hewa ya kaboni monoksidi ya moshi ndizo zinazoharibu zaidi mapafu na moyo. Plasta na chingamu hukupa nikotini kidogo bila moshi, kisha unaipunguza. Huongeza uwezekano wa kufaulu kwa asilimia 50 hadi 60, na Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Uliza kwenye famasia kubwa za mjini. Ukiona bei imepanda, ilinganishe na sigara zako za wiki kabla ya kukata tamaa.

Plasta hubandikwa mara moja kwa siku kwenye ngozi kavu isiyo na nywele nyingi, na kila siku mahali papya. Kwa joto letu, oga, jifute ukauke kabisa, ubandike sehemu ya juu ya mkono au kifuani kabla hujaanza kutoka jasho. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Anayevuta 10 au pungufu huanza na 14. Ukiota ndoto nzito, ivue kabla ya kulala.

Chingamu ni ya miligramu 2 au 4. Ya 4 ni ya yule anayewasha kabla ya dakika 30 baada ya kuamka. Haitafunwi kama bazoka ya watoto. Itafune polepole mpaka uhisi ukali wa pilipili, kisha ibanze kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, hivyo hivyo kwa nusu saa. Ukiitafuna mfululizo utapata kwikwi na kichefuchefu, useme dawa ni mbaya. Usinywe kahawa, soda au maji ya ukwaju robo saa kabla yake wala ikiwa mdomoni, kwa sababu huizuia nikotini kuingia. Plasta ya siku nzima pamoja na chingamu wakati wa hamu hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake.

Vipo pia vidonge, varenicline na bupropion, vilivyoingia orodha ile ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Hivyo ni vya daktari; mwenye kifafa, kwa mfano, hapewi bupropion. Mjamzito, aliye chini ya miaka 18, na mgonjwa wa moyo aliyeshambuliwa karibuni waanze kwa daktari hata kwa plasta. Na kama unatumia dawa za akili, za kisukari au za pumu, mwambie daktari kuwa unaacha, maana vipimo vya baadhi ya dawa huhitaji kubadilishwa moshi ukiondoka mwilini.

Hatua ya tano: siku za mwanzo

Usiku wa kuamkia tarehe, toa kila kitu: pakiti, viberiti, kijisahani cha majivu, ile moja ya akiba nyuma ya kioo cha tuktuk. Fua kanzu, mashati na mapazia. Kesho yake pua ikianza kufanya kazi utaijua harufu uliyokuwa ukiwaletea watu wa ndani.

Mkono na mdomo vinataka kazi. Mswaki wa mti ni bora kuliko kitu chochote ninachokijua, kwa sababu unashikika, unatafunika, na unaweza kukaa nao barazani bila mtu kukushangaa. Karafuu moja chini ya ulimi, iliki, mabuyu, tangawizi mbichi, navyo vyafaa. Maji kunywa kwa wingi. Choo kigumu ni kawaida wiki za mwanzo, basi kula papai na mboga.

Sasa kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, kafeini ile ile hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na vikombe vyako vya kawaida vinakuwa vingi mno. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji, na mtu anasema arosto ya sigara imemshinda kumbe amelewa kahawa. Punguza hadi nusu, na baada ya magharibi usinywe kabisa. Kaa na wenzako, shika kikombe cha tangawizi, kula kashata. Hutaonekana mgeni.

Saa ya hatari iliyoandikwa kwenye simu yako iwe na mtu. Kama ni baada ya isha, mwenzako akupitie mwende kwa miguu hadi ufukweni Mama Ngina, mkae penye upepo, mrudi. Kutembea kwa kasi hupunguza hamu, na njiani hakuna anayekupa.

Muguka, pombe, na vikao virefu

Nitasema wazi: sijui njia ya kuacha sigara huku ukiendelea kutafuna muguka mwezi wa kwanza. Vimefungamana. Muguka unakesha, sigara inafuatana na njugu na soda, na saa nane za usiku hakuna nia inayosimama. Pombe nayo hivyo hivyo. Ukiweza, weka kando vyote mwezi mmoja. Usipoweza, sogeza kikao kiwe mchana, kifupi, nawe ukiwa na chingamu mdomoni na yule rafiki mlinzi pembeni. Ikiwa unaona muguka au dawa nyingine zimekushika kuliko sigara, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uzungumze na mshauri.

Ukiteleza

Kuteleza si kuanguka. Sigara moja haijafuta siku zako, ila sigara moja iliyofichwa huleta pakiti. Iseme usiku huo huo kwenye kundi: nimevuta, mahali fulani, saa fulani. Kazi ya marafiki ni swali moja, "nini kilikuwa tofauti leo?", kisha kubadilisha kitu kimoja katika mpango: njia ya kurudi nyumbani, aina ya plasta, mtu wa kukaa naye. Plasta usiivue kwa sababu umeteleza. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla, na rafiki anayelijua hilo hatabadilisha uso.

Miezi inayofuata

Rafiki aweke kalenda ya mwili na akukumbushe. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo yanashuka. Saa 12, kaboni monoksidi katika damu inarudi kiwango cha kawaida. Wiki mbili hadi kumi na mbili, damu inazunguka vizuri na mapafu yanapata nguvu. Mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo imepungua hadi nusu ya ya mvutaji. Miaka kumi, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ni karibu nusu.

Baada ya mwezi wa tatu hatari haiko tena barazani, iko katika yasiyotarajiwa: msiba, safari ya usiku kwenda Nairobi, rafiki wa zamani aliyerudi kutoka Dubai, ugomvi kazini. Siku ya msiba hasa, mtu wa kundi akae karibu nawe kuanzia maziko hadi hitima, kwa sababu hapo watu hugawiana sigara kama rambirambi na ni vigumu kukataa ukiwa peke yako.

Kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo mwanzoni, mapafu yakijisafisha, na hilo lisikutishe. Lakini kikohozi kinachopita wiki mbili, chenye damu, homa za usiku au kukonda, kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, ugonjwa unaowapata wavutaji zaidi kuliko wengine. Kupima na kutibiwa ni bure katika vituo vya serikali. Nenda asubuhi, na mmoja wa wale wanne akusindikize.